Kabla Hajasimama Dede

Mwantumu alipiga hodi moja tu akaingia. Nyumba ya mdogo wake Hoza ilikuwa kama yake, na baada ya karibu mwaka mzima wa kuzunguka vijiji vya bondeni akifunga watoto shanga, alichotaka ni chai, mahali pa kunyoosha miguu, na kumpakata huyo mtoto aliyezaliwa yeye akiwa safarini.

"Karibu wifi, karibu!" Hidaya alimpokea kutoka jikoni huku akicheka. "Na mikono mitupu hivyo! Shangazi gani huyu hata mkungu wa ndizi hana?"

"Shangazi mwenye miguu iliyovimba. Yuko wapi mwenyewe?"

"Huyo mkekani. Mwambie vizuri kwa nini umechelewa, ana hasira huyo."

Sauda alikuwa ameketi katikati ya mkeka, mgongo umenyooka, mnene, anang'aa mafuta. Alimwona mgeni, akamkazia macho kidogo, kisha akaanza kumjia. Hakutambaa. Aliukunja mguu wa kushoto chini yake, akautupa wa kulia mbele, akasota kwa makalio, huku kiganja kimoja kikipiga mkeka kila aliposogea. Watoto wanaosota ni wengi, na Mwantumu alikuwa amewaona wa kila namna. Lakini alimjua mmoja tu aliyesota hivi, kwa mguu huo na kiganja hicho, na huyo, Mwantumu mwenyewe ndiye aliyemwosha na kumvisha sanda.

Alimnyanyua mtoto. Sauda akacheka, na kinywani mwake kulikuwa na jino moja pekee, la juu, upande wa kushoto. Zamani mtoto aliyetanguliza jino la juu aliitwa kigego, na wazee walimwogopa kama ugonjwa. Hapa Kwamngazi watu wa siku hizi walikuwa wamekwisha kuyacheka mambo hayo. Hata Mwantumu aliyacheka, siku Mwajabu, mtoto wa kwanza wa Hidaya, alipoota jino la kwanza, la juu, upande wa kushoto.

Basi akafanya alichopaswa kukifanya mfunga shanga yeyote. Alipandisha kigauni cha mtoto akatazama kiunoni. Shanga zilizokuwa zikigawiwa tangu mwaka uliopita zilikuwa za kijani. Hizi zilikuwa rangi ya damu ya mzee, isipokuwa moja nyeupe karibu na fundo, ambayo yeye Mwantumu aliiweka kwa mkono wake baada ya ile ya mwanzo kupasuka. Alizigusa. Zilikuwa na joto.

"Hidaya," aliita, na sauti yake haikuwa tena ya mgeni mwenye njaa. "Njoo hapa."

*

Miaka ya ukame mrefu ililea kizazi cha watoto waliodumaa. Kulikuwa na watoto wa miaka sita wenye kimo cha miaka mitatu, na mama zao walikuwa wamechoka kuulizwa barabarani mtoto ana umri gani. Shanga ndizo zilizokomesha hayo. Wanawake wa milimani walikuwa wakiwavisha watoto shanga kiunoni tangu zamani, ili zikibana wajue mtoto ananenepa, na zikilegea wajue mambo yameharibika. Wataalamu walichukua desturi hiyo wakaitia uhai. Kila ushanga ulikuwa na punje ndani yake, na uzi uliozifunga punje hizo ulitoa vishipa vyembamba vilivyopenya ngozi hadi kwenye uti wa mgongo. Shanga zilipima mfupa, msuli na damu, na pale mwili uliposuasua, zilidondosha dawa kidogo na kuusukuma. Zilijifunza mtoto alivyokua, zikaikumbuka njia yake. Mtoto alipotimiza miaka miwili, vishipa vilikauka, shanga zikaanguka zenyewe, zikawa mapambo tu.

Ndiyo maana hakuna nyumba Kwamngazi isiyokuwa na shanga kuukuu kabatini. Mtoto wa pili alivaa kofia ya wa kwanza, akalala kitanda cha wa kwanza, akavishwa na shanga za wa kwanza juu ya zake mpya, kwa urembo na kwa undugu. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na kwa kweli ubaya haukuwapo, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kufa.

Za Mwajabu hazikuwahi kuanguka zenyewe. Ziliondolewa kwenye maiti ya mtoto aliyekuwa hajatimiza hata mwaka, na zilikuwa hai.

"Mpya ziko wapi?" Mwantumu aliuliza.

"Kabatini. Hazikunipendeza ile rangi yake."

"Usinitanie, Hidaya."

Hidaya alifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mwanamke mwepesi wa mzaha, lakini sasa uso ulikuwa umemkauka. "Nilimfunga mwenyewe. Wewe hukuwepo, na yule msichana wa kituo alikuwa na foleni hadi barabarani. Nikasema, dada yake hakuzimaliza, basi na azimalizie huyu. Kuna kosa gani? Nguo zake si amezivaa pia?"

"Lini ulianza kuona?"

"Kuona nini?"

Mwantumu alimweka mtoto mkekani, na mtoto akaukunja mguu wake wa kushoto.

Hidaya alitazama pembeni. "Alipopinduka mara ya kwanza," alisema taratibu. "Mkono ukambana chini ya kifua, akalia kwa hasira, kisha akacheka mwenyewe. Unakumbuka? Nilidhani nimeota. Halafu akaketi, akawa anaegemea kulia. Halafu jino. Wifi, nilijua. Usinione mjinga. Kila asubuhi naamka najua leo atafanya nini, na anakifanya. Nani mwingine hapa duniani amerudishiwa mwanawe hivyo?"

Mwantumu alimwonea huruma. Wakati huohuo aliogopa, kwa sababu Mwajabu alikuwa mtoto wa afya njema. Hakuugua, hakuharisha, hakupata homa. Asubuhi moja alikishika kigoda akasimama dede, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Mchana wake akalazwa, wala hakuamka. Daktari alipekua akakosa sababu. Shanga zilikuwa zimemkaa kiunoni muda wote huo, zikijifunza.

"Na akisimama dede?" Mwantumu aliuliza.

Hidaya alimnyanyua mtoto wake akamkumbatia kwa nguvu, na mtoto akalalamika. "Huyu hajambo," alisema. "Huyu ni mzima. Usiniletee uchuro nyumbani kwangu."

*

Kituoni Mwantumu alifunga mlango akampigia simu Daktari Mbaruku, mmoja wa waliozitengeneza shanga, mzee aliyekuwa na tabia ya kula karanga huku akiongea. Alipomaliza kumweleza, karanga zilikuwa zimenyamaza.

"Haijawahi kutokea," alisema Mbaruku.

"Imetokea, Daktari. Nataka kujua njia ikifika mwisho zitafanya nini."

"Sijui. Nakwambia ukweli wangu. Shanga hazijui zuri wala baya, mama, zinajua hatua inayofuata. Hatua ya mwisho ziliyojifunza ni moyo kusimama. Huenda zikifika hapo zitakosa la kufanya, zikakauka, na mtoto akaendelea mwenyewe. Huenda zikairudia hiyo nayo, kama zilivyorudia mengine."

"Basi nizikate leo."

"Ngoja. Huyo mwili haujawahi kutafuta njia yake. Umeshikwa mkono tangu siku ya kwanza, na kwa njia isiyo yake. Tulipokuwa bado tunajaribu, tuliwafunga watoto wa mbuzi shanga za mbuzi wengine, kisha tukazikata kabla ya wakati wake. Waliishi. Wanakula, wanalia. Wengi wao hawakusimama tena."

"Wengi wangapi?"

"Mmoja alisimama," alisema Mbaruku. "Akiwa mkubwa, na kwa shida."

Mwantumu alikaa na simu mkononi baada ya mzee kukata. Alikuwa amefunga watoto wasiohesabika, na kila mara mama alipouliza kama ni salama alijibu ndiyo bila kufikiri. Sasa alitamani kuwe na mtu ambaye yeye angemuuliza, ajibiwe ndiyo hivyohivyo, hata kama ni uongo.

*

Hoza alishuka mlimani alikokuwa akirekebisha nyavu za kunasia maji ya ukungu, nguo zimelowa, akaelezwa mbele ya mkewe. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Kata, dada," alisema.

"Thubutu!" Hidaya aliruka. "Umlemaze mwanangu kwa mambo ya kubahatisha? Huyo daktari mwenyewe kasema hajui! Huenda zikakauka tu. Kasema au hakusema?"

"Kasema," Mwantumu alikubali.

"Na mbuzi wake hawakusimama. Kasema?"

"Kasema."

"Basi."

Hoza alimgeukia dada yake, lakini wote watatu waliijua kanuni. Miaka ya mwanzo maofisa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wakifunga na kukata bila kuuliza, mpaka wanawake wa Kwamngazi walipowafukuza kwa mawe. Tangu hapo mkono wa mfunga shanga haukusogea bila neno la mama. Si baba, si mganga mkuu. Mwantumu mwenyewe alikuwa ameitetea kanuni hiyo barazani kwa sauti kubwa, na wala hakuona haya kuikumbuka, ila safari hii ilimkaba.

Siku moja Hidaya alimwachia mtoto amwogeshe. Sauda alikuwa ndani ya beseni, anapiga maji kwa viganja, na mkoba wenye mkasi ulikuwa karibu. Ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mwantumu aliunyoosha mkono hadi kwenye mkoba, kisha akamtazama mtoto anavyoitupa miguu ile minene majini, miguu mizima, yenye nguvu, akawaona wale watoto wa mbuzi wamelala zizini. Aliurudisha mkono. Hakujua kama ilikuwa heshima kwa kanuni au woga wake tu, na jambo hilo lilimkosesha raha kuliko mengine yote.

Walichokubaliana, kwa kuwa lazima wakubaliane na kitu, ni kwamba mtoto asisimame. Ikiwa njia iliishia hapo, basi asifike hapo. Ni Hidaya mwenyewe aliyelitoa wazo hilo, na alilishika kwa nguvu zote, maana lilimruhusu asichague.

Wakaanza kuvitoa vitu. Kwanza kile kigoda, Hoza akakipasua kuni. Kisha benchi, meza, kabati. Pipa la maji likasukumwa hadi uani. Kitanda kikavunjwa, wakalala chini wote. Majirani walipouliza, Hidaya aliwaambia wanapiga dawa ya kunguni, na majirani wakacheka, wakaacha. Hatimaye chumba kikabaki na mkeka na kuta nne, na kuta zenyewe Hoza alizilainisha kwa chokaa pasiwe na hata ufa wa kushikia.

Katika nyumba nyingine za Kwamngazi watu walikuwa wakiwashika watoto mikono, wanawasimamisha kwa nyimbo, wanawahimiza. Hapa watu wazima watatu walimtazama mtoto wao kwa hofu kila aliponyanyua makalio. Na alikuwa akinyanyua. Alisota hadi ukutani, akapapasa, viganja vikateleza, akaanguka kitako. Akasota hadi ukuta wa pili. Hakulia, na hilo ndilo lililomwogopesha Mwantumu, kwa sababu mtoto akishindwa hulia. Huyu alipapasa hewani kana kwamba kulikuwa na kitu pale ambacho mtu amekihamisha.

"Anatafuta kigoda," Hoza alinong'ona.

"Nyamaza," alisema Hidaya.

*

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umetanda hadi mlangoni. Hoza alikuwa kwenye nyavu. Mwantumu aliketi kizingitini akinoa mkasi, kazi aliyokuwa akiifanya kila siku bila haja. Hidaya alikuwa chini, miguu ameinyoosha, anachambua mchele kwenye ungo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa akisimulia kitu cha kuchekesha, habari za jirani yao aliyemfukuza jogoo akidhani ni mwizi. Wote wawili walikuwa wakicheka.

Sauda alisota hadi nyuma ya mama yake. Akaishika kanga begani. Akavuta, akanyoosha goti moja, kisha la pili.

Nyumba nzima ilikuwa imeondolewa vitu, wakamsahau mama.

Hidaya aliuhisi uzito begani akanyamaza katikati ya neno. Hakugeuka. Mwantumu ndiye aliyeuona uso wa mtoto, umeng'aa kwa furaha, jino moja nje, miguu inatetemeka lakini imesimama. Ulikuwa uso wa Mwajabu kabisa. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Kisha Sauda akaachia kanga, akaanguka kitako mkekani, akapiga mwayo.

"Hapana," alisema Hidaya. Aliutupa ungo, mchele ukamwagika, akageuka akamdaka na kumketisha mapajani. "Hapana, mama, usilale. Bado asubuhi. Tazama ndege! Tazama shangazi!" Akampulizia usoni. Akamnyunyizia maji. Akamwimbia kwa sauti iliyokatikakatika, akamrusharusha, akamkalisha wima. Mtoto alimtazama bila kusumbuka, akafikicha jicho kwa ngumi, na kope zikaanza kushuka.

Mwantumu alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele yao. Aliweka vidole kiunoni. Shanga zilikuwa za moto, moto ambao hakuwahi kuuhisi. Akaweka vidole kwenye utosi, pale palipo laini, panapopigapiga. Palipiga. Pakakawia. Pakapiga.

"Moyo unapungua," alisema. "Hidaya, unapungua."

"Ni usingizi. Watoto wakilala hupungua."

"Si hivi."

"Huenda zikakauka. Alisema huenda—"

"Alisema. Sasa weka mkono wako hapa."

Aliuchukua mkono wa wifi yake akauweka utosini mwa mtoto. Hidaya alikaa vile, kiganja juu ya kichwa cha mwanawe, na Mwantumu akaona jinsi alivyongojea kila pigo, na jinsi kila pigo lilivyochelewa zaidi ya lililopita. Hidaya aliutazama ule uso mdogo, ule aliorudishiwa siku baada ya siku. Machozi yalimtoka bila sauti. Mwantumu alikuwa ameushika mkasi, na alikuwa ameamua moyoni kwamba akihesabu mapigo mengine mawili atakata, kanuni au hakuna kanuni, na wanawake wa Kwamngazi wampige mawe wakitaka. Alihesabu moja.

"Kata," alisema Hidaya. "Kata shanga za Mwajabu. Niachie Sauda."

Mkasi ulilia. Shanga zilimwagika mkekani, zikachanganyika na mchele, na vishipa vyake vyeupe vikajikunja na kujinyoosha kabla ya kutulia. Mwili wa mtoto ulilegea wote kwa mara moja. Mgongo uliokuwa umenyooka ulikunjika, shingo ikaanguka nyuma, miguu ikajiachia. Hidaya alipiga ukelele akamdaka kichwa kwa kiganja, jinsi anavyoshikwa mtoto aliyezaliwa jana.

Alilala. Walikaa naye pale pale mkekani, sikio la mmoja mdomoni mwake, vidole vya mwingine utosini, hawakuthubutu hata kufukuza kuku walioingia kuula mchele. Hoza alirudi, akaona shanga na mchele mkekani, akaketi mlangoni. Pigo lilikuja. Lingine likaja, likifuata karibu. Ukungu uliondoka, jua likaingia hadi katikati ya chumba kitupu, na wakati ambao Mwajabu alikutwa amepoa ukafika, ukapita.

Jua lilipogeuka Sauda aliamka na kulia. Kilikuwa kilio kibovu, chembamba, cha kukwaruza, ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukisikia. Alitaka kunyanyua kichwa akashindwa. Alitaka kupeleka mkono mdomoni, ukaenda upande. Miguu ilikuwa pale alipolazwa, haikusogea. Alilia kwa hasira zote za mtoto mwenye njaa asiyejua amefanyiwa nini.

Hidaya alimnyonyesha akiwa amemshikilia shingo. Ilichukua muda mdomo kulipata titi. Lilipopatikana, alimtazama mwanawe sana, kama mtu anayemkagua mgeni mlangoni, na Mwantumu akaogopa kwamba hatampenda.

"Atasimama tena?" aliuliza Hidaya.

Mwantumu alitaka kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni, kwa mazoea.

"Sijui, wifi."

Hidaya aliitikia kwa kichwa. Alingoja mtoto ashibe, akamfuta mdomo, akamgeuza polepole kifuani pake huku akiukinga ule utosi kwa kiganja. Kisha akainuka kwa shida, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi, akamnyooshea wifi yake mkono.

"Nipe mbeleko," alisema. "Nimbebe mwanangu."